Mnuso Mzuri Unataka Miiko Miwili

Msomaji wangu, kuna maneno mawili ambayo ukiyasikia kwenye mnuso ujue kuna mtu analala na njaa siku hiyo. Maneno yenyewe ni haya: "Nishakula, asante." Mtu katoka Dar na basi la alfajiri, kashuka Korogwe jua la utosi, mchango wake kautoa mapema kuliko hata wanakamati, halafu sinia linapita mbele yake anasema kashakula. Kala wapi? Kala nini? Hajala chochote huyo! Kaliangalia sinia, kaona kuna kitu ambacho dini yake, ukoo wake au daktari wake kamkataza, na kwa kuwa ni mtu mwenye haya kaamua kumeza mate na kutabasamu.

Leo nataka tuongee habari za watu hao. Wako wengi kuliko tunavyodhani, na huku kwetu Handeni na Korogwe ndio usiseme. Mimi ni mtoto wa barabara hiyo, kilometa 65 kutoka mji mmoja hadi mwingine. Upande wa mama ni Wazigua wa Handeni, Waislamu wa sala tano. Upande wa baba ni Wabondei waliohamia Korogwe, Waanglikana wa kwaya na ubani. Tangu mdogo nimekula minuso ya pande zote mbili, na nimewaona watu wazima na mvi zao wakinuniana kwa ajili ya sufuria moja. Msosi nauheshimu, jamani, lakini najua pia kwamba msosi unaweza kuvunja undugu hata keki haijakatwa.

MWIKO NA MWIKO

Kiswahili nacho kina utani wake. Kile kijiti kipana cha kusongea ugali tunakiita mwiko. Na kile ambacho mtu hali, hagusi wala hakitaki karibu, nacho tunakiita mwiko. Mpishi wa zamani alikuwa na yote miwili: mmoja kaushika mkononi, mwingine kauweka kichwani. Wa mkononi ulimwambia ugali umeiva. Wa kichwani ulimwambia nani atakula na nani hatakula.

Neno hilo lina ndugu yake, nalo ni mzio. Wazee wakisema mzio walikuwa na maana ya chakula ambacho mtu amekatazwa, iwe kwa sababu ya ukoo, ya uganga au ya maradhi. Leo ukienda hospitali daktari anatumia neno hilo hilo kwa mtu ambaye akila karanga au kamba wa baharini anavimba mdomo na pumzi inambana. Ona sasa: wazee hawakutenganisha. Kwao asiyekula kwa imani na asiyekula kwa ugonjwa walikaa fungu moja, na wote wawili waliheshimiwa.

Kuna wajanja watakaonikatiza hapa kwa methali: mwenye njaa hana miiko. Ni kweli kabisa, na Handeni hawahitaji kufundishwa njaa, maana ukame wanaujua tangu enzi za mababu. Ila methali hiyo ni ya siku ya njaa. Harusi si siku ya njaa. Harusi ni siku ambayo mwenyeji kakusanya michango, kakodi viti na maturubai, kaita watu kwa kadi. Mgeni aliyeitwa kwa kadi hakuja kushibishwa tu. Kaja kuheshimiwa, na heshima ya kwanza ni kumpa chakula anachoweza kukitia mdomoni.

SAHANI ZA BIBI

Vijana wa mjini siku hizi wamerudisha ya kale. Kwenye kichen pati na sendofu utakuta kona ya "chakula cha asili": vyungu, vibuyu, ungo, makuti pembeni, na kina mama wahudumu wamejifunga kaniki. Inapendeza sana, sikatai. Tatizo ni kwamba tumechukua vyungu vya bibi tukauacha utaratibu wa bibi.

Nyumbani kwa bibi Handeni katikati kulikaa ugali wa mahindi, au bada, yaani ugali wa muhogo. Kuuzunguka kulikuwa na mabakuli: hili la mlenda, lile la mchunga wenye uchungu wake, jingine la kisamvu, jingine la kunde. Bahati ikiwepo, kuna bakuli la dagaa au la nyama ya kuku. Kila bakuli peke yake. Asiyekula dagaa mkono wake haukwenda kule, basi. Hakuna aliyemuuliza kulikoni, hakuna aliyemcheka, na yeye hakulazimika kujieleza mbele ya watu. Kashiba kama wengine na siri yake anayo.

Halafu ikaja pilau kama mfalme wa shughuli. Pilau tamu, we acha tu! Sisemi ifutwe, nisije nikapigwa mawe pale Chanika. Lakini itazame vizuri. Kwenye pilau nyama imeshaingia ndani ya mchele, supu imeshanywewa na punje, na mpishi ameshaamua kwa niaba ya watu mia tatu. Asiyekula nyama hana pa kuanzia. Asiyejua ng'ombe kachinjwa na nani hana pa kuanzia. Aliyekatazwa mafuta mengi naye ndio hivyo tena. Sufuria moja limefunga milango yote.

Wala huu utaratibu wa bakuli kwa bakuli si wa bibi yangu peke yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alifika Mogadishu kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa. Akaandika jinsi alivyokirimiwa: wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Huo ndio mnuso! Mgeni wa mbali, hajulikani anapenda nini, kaletewa vitu vya kila namna achague mwenyewe. Karibu miaka 700 iliyopita, pwani hii hii yetu.

KASHESHE LA NG'OMBE

Sasa nikupe kisa. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alipata mchumba Handeni. Mvulana Mkristo, binti Muislamu, wote wamegoma kubadili dini. Wakaamua kwenda bomani, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya serikali. Wazee wakaguna wakanyamaza. Kamati ikaundwa Korogwe, mimi nikapewa ukatibu.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mpaka tulipofika ajenda ya chakula. Baba mkubwa akasimama, akasema ng'ombe atachinjwa na kijana wa pale nyumbani kama kawaida, nyama ni nyama, na zaidi ya hapo upande wetu ungependa kiti moto kidogo, basi kiwekwe kwenye meza ya pembeni. Ukumbi ukapoa ghafla kama umemwagiwa maji. Wawakilishi wa upande wa binti walikuwa wawili. Hawakubisha, hawakupandisha sauti. Walisema kwa upole kwamba wao watakuja, ila wasishangawe wakija na hotipoti zao.

Msomaji, hotipoti hizo si jambo dogo. Wakwe wanapokuja kwenye shughuli yako na chakula walichofungasha kwao, wamekwambia mbele ya watu wote kwamba hawakuamini. Bibi harusi mwenyewe aliposikia alitaka shughuli nzima ifutwe, wale soda waondoke. Ndoa ikawa imening'inia kwenye pembe za ng'ombe mmoja ambaye hata kununuliwa alikuwa bado!

Aliyetuokoa ni mama mpishi, mwanamke mtu mzima wa Manundu aliyepikia harusi nyingi kuliko umri wangu. Hakutoa hotuba. Aliuliza tu kama tunataka kushindana au tunataka watu wale, kisha akatoa masharti yake. Ng'ombe achinjwe na Muislamu anayekubaliwa na msikiti wa jirani, wazee wa pande zote wawepo waone. Kiti moto kisikanyage kwenye shughuli. Anayekitaka akakile kwake Jumapili, hakuna atakayemfuata. Nyama itapikwa mchuzi, peke yake. Wali utakuwa mweupe na wa nazi, sufuria mbalimbali. Pilau itakuwepo, sufuria moja dogo kwa waroho wake. Maharage yapikwe kwa mafuta ya alizeti, bila vile vidonge vya supu ambavyo hujui vina nini. Na kila sufuria liwe na upawa wake na mwiko wake, akimwona msichana anatoa upawa kwenye nyama na kuuchovya kwenye maharage, atamfukuza jikoni.

Baba mkubwa alinuna siku tatu. Siku ya siku alikula nyama ile ile ya mchuzi sahani mbili, na sikusikia akilalamika imepungua utamu. Wakwe walikuja na hotipoti zao kweli, nne, zimefungwa kwenye khanga. Walimwuliza mama mpishi mambo mawili matatu, wakaoneshwa jiko lote na masufuria yake. Jioni hotipoti zilirudi Handeni hazijafunguliwa. Kwangu mimi ndoa ile ilifungwa hapo. Ya bomani ilikuwa ya karatasi.

SI JAMBO LA KUCHEKA

Kuna wanaoona haya mambo ni udaku wa kamati tu. Wakumbuke Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yalipovunjwa Dar es Salaam na watu wakakamatwa. Wakumbuke zaidi Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita. Kwa miaka mingi desturi nchini imekuwa kwamba nyama ya hadhara ichinjwe na Muislamu ili kila mtu aile. Mabishano ya nani achinje yakageuka fujo, na mchungaji mmoja akauawa. Mtu kafa kwa habari ya kisu na ng'ombe. Kwa hiyo kamati ya harusi inapokaa na kulimaliza jambo hili kwa utaratibu, chini ya mwembe, na soda mbili tatu, inafanya kazi kubwa kuliko inavyojua.

Na Korogwe tuna sababu zetu za kulijua mapema. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakataka watu, na watu wakaja kutoka pande zote: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wabena na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kutafuta vibarua, wakaiita SILABU. Kila aliyeshuka na kifurushi chake alikuja pia na miiko yake. Ongeza Wahindi wa madukani, Wasambaa wanaoteremka mlimani na ndizi, Wapare kutoka magharibi, na Wamasai wenye mifugo kuelekea Handeni. Mji wa namna hiyo ukiupikia sufuria moja umekwisha.

WAZUNGU WA PANGA

Tusijione ni sisi peke yetu wenye tabu hii. Mwaka 1966 huko Berkeley, California, marafiki walifanya sherehe wakiigiza enzi za wapiganaji wa panga na ngao. Ikazaa chama kinachoitwa Society for Creative Anachronism, ambacho sasa kina wanachama katika nchi nyingi. Wanashona majoho ya karne za kati, wanapigana kwa magongo, jioni wanakaa mezani kula vyakula vya wafalme wa zamani. Kina kichen pati chenye makuti, ila wao makuti yao ni ngome na bendera!

Na unajua kinachowaumiza kichwa wapishi wao? Yale yale ya kwetu. Huyu hali nyama, huyu ngano inamdhuru, huyu Myahudi, huyu Muislamu, huyu njugu zinaweza kumuua. Ikawa desturi kwao mpishi kutangaza mapema kilichomo kwenye kila chakula, na mgeni kusema mapema asichokula.

Kinachofurahisha ni kwamba hao wafalme wanaoigizwa nao walikuwa na miiko. Ulaya ya zamani Wakristo hawakula nyama Ijumaa wala wakati wa Kwaresima, na maziwa na mayai yalikatazwa pia kwa siku nyingi. Wapishi wa majumba makubwa wakasaga lozi, wakakamua tui lake, wakapikia badala ya maziwa. Sisi tuna tui la nazi, na mwenye mnazi hahitaji kufundishwa. Jirani zetu wa Ethiopia ndio mabingwa mpaka leo: Waorthodoksi wa huko hawali nyama, maziwa wala mayai kila Jumatano na Ijumaa na katika mifungo mirefu, kwa hiyo mahoteli yao yana sinia la mfungo la dengu na mboga lililo tayari. Ukiliomba hakuna anayekukazia macho.

WANAOPITA NA SAHANI TUPU

Sasa tuwataje hawa wageni wetu. Msabato wa kutoka Upare, ambako kanisa lake liliingia mwaka 1903, hali nguruwe, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hali pia samaki asiye na magamba, kwa sababu ya yale ya Mambo ya Walawi sura ya 11. Kwa hiyo ukimwekea kambare wa mtoni ukadhani umemtendea wema, umemkosa. Mpe perege, atakushukuru.

Mmasai mzee anayeshika mila hapendi samaki, na hachanganyi nyama na maziwa siku moja. Usimkazanie mtindi baada ya mchuzi. Baniani wa dukani hali nyama kabisa, na wengi wao hawataki hata yai. Rasta aliyeshuka na shemeji kutoka Dar naye hali nyama, na kuna wanaokwepa hata chumvi, wewe mkejeli tu lakini maharage yake yatenge.

Halafu wapo wagonjwa, na hawa ndio tunaowasahau kuliko wote. Shangazi mwenye kisukari anapewa soda kwa sababu ndiyo heshima tunayoijua. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai! Weka maji ya kunywa mezani kwa heshima ile ile ya soda, tena yawe ya baridi, asijione kaadhibiwa. Mzee wa presha mpunguzie chumvi. Mwenye mzio wa karanga ndiye wa kuangaliwa kwa makini kuliko wote, maana karanga kwetu hujificha: ziko kwenye mlenda, ziko kwenye kisamvu, zimesagwa hazionekani. Huyo akikosea kijiko kimoja si aibu tena, ni kukimbizwa hospitali.

Na hapa niseme neno kali kidogo. Kuna mchezo wa kishamba wa kumlisha mtu asichokula halafu kumcheka. Nyama imefichwa kwenye sambusa, boha imechanganywa kwenye juisi ya miwa, kisha vijana wanakonyezana. Jamani, huo si utani. Watani wetu wanatutania mpaka msibani lakini hawatii mkono kwenye sahani ya mtu. Wahenga walionya: ukila na kipofu usimshike mkono. Mgeni kwenye shughuli yako ni kama yule kipofu. Jikoni hakuingia. Anakula kwa macho yako.

MIIKO YA KUPACHIKWA

Kabla sijapigiwa makofi na wazee, niwaudhi kidogo. Si kila mwiko unastahili heshima. Mwiko ambao mtu anausema kwa mdomo wake mwenyewe, huo uheshimu usiulize. Lakini kuna miiko ambayo mmoja anampachika mwingine. Mjamzito asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Firigisi ya kuku ya baba peke yake, mama aliyemkimbiza kuku uani aambulie shingo. Huo wa mayai unamnyima chakula bora yule anayekihitaji zaidi. Kipimo changu ni chepesi: mwiko wa kweli unamfunga anayeusema. Ukimfunga jirani wakati msemaji anatafuna, shtuka, hapo kuna mtu anajipendelea.

KAMATI ZIFANYEJE?

Haya, katibu mstaafu anatoa ushauri wa bure. Kwanza, kwenye kadi au kwenye simu ya kukumbushia mchango, uliza swali moja: kuna chakula usichokula? Usiulize sababu. Sababu ni mali yake.

Pili, acha katikati kitu kinacholiwa na wengi: wali mweupe, ugali, ndizi za kuchemsha. Vitoweo vyote vikae pembeni kila kimoja peke yake. Ukifanya hivyo umemaliza nusu ya kazi, na gharama haijaongezeka hata senti.

Tatu, mambo ya kuchinja yaishe kwenye kikao cha kwanza, tena mbele ya wazee wa pande zote. Ukiyaacha mpaka asubuhi ya shughuli utayamalizia polisi.

Nne, mahali pa kupakulia weka mtu anayejua kilichomo kwenye kila sufuria, awe na jibu la kweli. "Sidhani kama kuna karanga" si jibu. Aseme ipo au haipo. Kama kuna bufee, kikaratasi mbele ya kila chombo kinatosha: maharage ya nazi, kisamvu cha karanga, basi.

Tano, angalieni kalenda. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Kwaresima ikafuata tarehe 5 Machi, wote wamefunga pamoja. Kamati iliyopanga mnuso wa mchana wakati huo ilijitafutia balaa yenyewe.

Sita, na hili ni la wageni sasa: semeni mapema! Mwenyeji si mganga wa ramli. Ukimwambia wiki mbili kabla kwamba huli nyama, atakutengea kunde. Ukimwambia sinia liko mbele yako, utakula kachumbari.

Basi kamati zote mnaokutana Jumapili hii, Manundu na Chanika, kazi kwenu. Nunueni mwiko wa pili pale sokoni, bei yake hata nusu ya kreti la soda haifiki. Asiyekula nyama mtengeeni kunde, asiyekula karanga mwonesheni sufuria, mwenye kisukari mpeni maji ya baridi. Kuna mmoja tu ambaye hamna haja ya kumwuliza kitu, naye ni mzamiaji, yule aliyekuja bila kadi na suti ya kuazima. Huyo ndiye hasa mwenye njaa asiye na miiko. Mwacheni akae karibu na jiko, ukoko wake upo.